Saa Mbili ya Samruai

Ukitaka kumuudhi Samruai, mkosoe kwenye mambo ya tiketi. Kwa miaka thelathini na moja mama huyu amekaa nyuma ya dirisha la tiketi la stesheni ya Ban Nong Yao, kaskazini mwa Thailand, na mji mzima unaujua wimbo wake: hajawahi kumwacha abiria. Mwaka ule ilibaki miezi minne tu astaafu, na wimbo aliuimba kwa sauti zaidi.

Walikuja Wareno wawili, mume na mke, watu wazima wenye mabegi mgongoni kama wanafunzi. Anselmo na Benvinda, ndivyo pasi zao zilivyosema. Walikuwa likizoni, wametokea Chiang Mai, na sasa walitaka kwenda Bangkok, kwa sababu ndege yao ya kurudi kwao ilikuwa inaruka kesho yake usiku. Anselmo akaweka kidole kwenye bei ya daraja la tatu.

"Huyu anataka kufia njiani," Samruai akamwambia Bunreung, muuza tambi, aliyekuwa ameegemea dirisha kama kawaida yake. "Kutwa nzima kwenye benchi la mbao, na goti lile analoliburuta?"

Ilikuwa wiki ya sikukuu ya mwaka mpya, treni zote zimejaa hadi mlangoni. Samruai alipekua, akanuna, akapekua tena, mpaka akavipata viti viwili vya mwisho vya daraja la pili. Tena upande usiopigwa na jua. Akachukua karatasi, akachora treni, akachora jua upande mmoja, na upande wa pili akawachora wao wawili wanatabasamu. Benvinda alicheka, akamshika mkono.

"Unawaharibu wageni," alisema Bunreung. "Watadhani makarani wote wana adabu."

"Wewe uza tambi zako."

Asubuhi yake treni ilitakiwa kupita saa kumi na mbili na dakika ishirini. Wareno walishafika na mabegi yao, simu ikaja kutoka stesheni ya juu: imechelewa, itafika saa mbili. Samruai akatoa vidole viwili dirishani, akaongeza na Kiingereza chake cha kuombea maji. "Treni leti. Tuu."

"Tuu?" aliuliza Benvinda, naye akiinua viwili.

"Tuu."

Wakafurahi, wakapanda pikipiki ya kukodi ya Chaluai, wakaenda zao kutembelea hekalu la kilimani.

Saa moja na nusu Bunreung akaja anapangusa mikono. "Wareno wako wana heshima. Wameniagiza bakuli mbili, watakuja kula saa sita kabla ya treni yao."

"Saa sita ipi, wewe? Treni ni saa mbili."

"Mimi nitajuaje? Walinionyesha kwenye saa ya mkononi. Mishale yote miwili juu, hapa."

Samruai akavitazama vidole vyake. Tiketi anaziuza kwa saa za reli, zinazohesabiwa tangu usiku wa manane, na siku zote karatasi ndiyo husema. Siku hiyo ulisema mdomo, na mdomo wake unahesabu saa za asubuhi alivyofundishwa na mama yake, tangu jua linapochomoza, kama watu wenye akili. Vijana wa kwetu wameshaiacha hesabu hiyo. Na Mreno hajawahi kuisikia. Mbili ya Mreno ni saa nane mchana. Saa hiyo treni itakuwa nusu ya njia, nyingine yenye nafasi ni keshokutwa, na ndege haitawangoja.

"Nimewamaliza," alisema polepole. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alimpigia Chaluai. Simu ya Chaluai ikaita nyumbani kwa mkewe, ilikoachwa ikichajiwa. Akapiga hekaluni.

"Dada Samruai, mimi Kiingereza sijui," alisema mtawa aliyepokea.

"Hukihitaji, baba. Isogeze simu kwenye kipaza sauti, basi."

Hivyo ndivyo mji mzima, pamoja na nyati waliokuwa mashambani, ulivyoisikia sauti ya Samruai ikishuka kutoka kilimani. "Anseemo. Benwinda. Tuu, no. Treni eiti. Eiti. Na wewe Chaluai, walete hao watu sasa hivi, na ukisimama kununua sigara nitajua."

Sasa treni hii huchelewa hata ikishachelewa. Siku hiyo ikajitia uadilifu, ikaingia saa mbili kamili. Thanakrit, mkuu wa stesheni, kijana wa umri wa mwanawe, alikuwa ameshashika bendera ya kijani.

"Dakika mbili tu, shangazi."

"Ngoja wageni wangu."

"Nikingoja lazima niandike sababu."

"Andika ng'ombe kwenye reli," alidakia Bunreung. "Ng'ombe hawaulizwi."

Samruai akamkata jicho. "Andika kosa la karani wa tiketi. Jina langu unalijua."

"Shangazi, imebaki miezi minne. Faili lako halina hata doa."

"Nimesema andika. Dirishani sijawahi kumdanganya mtu, sitaanzia kwenye daftari lako."

Thanakrit akaikunja bendera, akaandika. Abiria walitoa vichwa madirishani wakilalamika. Zikapita dakika sita, ndipo pikipiki ya Chaluai ikaingia hadi jukwaani, Benvinda kapakata begi, Anselmo anaushikilia mgongo wa Chaluai kwa mikono yote miwili. Benvinda aliiona treni, akamkumbatia Samruai, akasema maneno mengi.

"Wanadhani treni imewahi, na wewe ndiye umewaokoa," alinong'ona Bunreung. "Kaa kimya hivyo hivyo."

Samruai hakukaa kimya. Aliwafuata mpaka kwenye dirisha lao, lile la kivulini, akajigonga kifua. Akainua vidole viwili, akatikisa kichwa, akavikunja. Akainua vinane. Benvinda alikodoa macho, kisha akaelewa, akacheka mpaka akajifuta machozi. Treni ilipoondoka mkono wake ulikuwa bado nje, na wa Anselmo juu yake, vidole vinane kwa jumla.

Saa sita Bunreung akaleta bakuli mbili za tambi, maana alikuwa ameshazipika. Wakala wote wawili dirishani. Thanakrit alipita na daftari lake kwapani, akajifanya hawaoni.

"Miaka thelathini na moja," Bunreung alianza, kwa uchokozi.

"Na sijamwacha mtu," alisema Samruai, akamsogezea chupa ya pilipili.