Kinywa cha Asubuhi

Kiwandani walimwita Kinywa, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa mshona kola katika kiwanda cha mashati, mwanamke mkavu wa mwili, asiyejua kunyamaza. Siku moja umeme ulikatika, wenzake wakaanza kunung'unika kwamba muda ule watakuja kuufidia jioni. Akapanda juu ya benchi, akawasimulia jinsi mama yake alivyowalea, yeye na mdogo wake wa kike, kwa cherehani moja mbovu. Umeme uliporudi, watu walishona kama waliopagawa. Meneja alikuwa mlangoni, anasikiliza.

Baada ya hapo akapewa kipaza sauti. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, aseme machache. Na kabla ya kuondoka aandike neno kwenye ubao wa mlangoni. Hakuna aliyemfunza. Aligundua mwenyewe kwamba ukiwafokea watu wanaziba masikio ya ndani, ila ukishusha sauti wanakusogelea. "Tujitume" ni neno mfu. Lakini ukimtaja mama wa idara ya kufungasha, aliyesomesha wanawe kwa mikono ileile inayofunga maboksi, ukumbi mzima unakaa wima. Ubaoni hakuzidisha mstari mmoja. Uliopendwa kuliko yote ulisema: "Uchovu hubisha hodi, si lazima kuufungulia."

Aliyeupenda zaidi ni mdogo wake, aliyekuwa idara ya pasi, kwenye mashine kubwa ya mvuke inayofumba juu ya shati kama taya. Alikuwa akiwaambia wenzake, kwa majivuno ya kitoto, "Yule pale mnayemsikia tumenyonya ziwa moja."

Ikaja oda kubwa, na katikati ya oda hiyo mdogo mtu akashikwa na homa. Msimamizi, ambaye kwa kawaida hakuwa na huruma hata ya kuazima, alimwambia aende nyumbani. Akakataa. Akaonyesha kwa kidole mstari ule ubaoni, akacheka, akarudi kwenye mashine. Kabla ya chakula cha mchana macho yake yalifumba kidogo tu. Mashine nayo ikafumba, mkono wake wa kulia ukiwa ndani.

Madaktari waliacha kidole gumba, vingine vyote wakaviondoa. Dada yake alipofika kando ya kitanda, mgonjwa alijitahidi kutabasamu.

"Sikuufungulia, dada," alisema, kama mtu anayetoa habari njema.

Kinywa akamvutia shuka hadi mabegani.

Wiki haikuisha meneja akamwita. Watu wameingiwa na hofu, akasema, hakuna anayetaka kuigusa ile mashine, na oda inangoja. Wewe wanakusikia. Waambie habari za mdogo wako, jinsi alivyo shujaa, jinsi anavyotamani kurudi. Akaongeza kwamba nafasi ya mdogo wake ipo, atawekwa kwenye kuhesabu lebo. Kinywa alijua anavishwa kilemba cha ukoka, tena kwa jeraha la mdogo wake. Alikubali.

Aliyaandika maneno hayo mezani jikoni, mchana wa mapumziko, mdogo wake amelala chumba cha pili. Jambo baya ni kwamba yalimjia vizuri. Alifuta sentensi iliyolegea, akaweka nyingine, akaisoma kwa sauti ya chini, na furaha ikampanda mwilini kabla hajakumbuka anaandika nini. Alipokumbuka, hakuacha.

Siku yenyewe mgonjwa aliletwa akasimamishwa mbele, mkono umefungwa bendeji hadi kiwiko. Kinywa akashusha sauti. Hakuwahi kusema vile tangu azaliwe. Wanaume wa ghalani walifuta machozi kwa mikono ya mashati. Alipomaliza, msichana mmoja wa idara ya kola alitoka safuni bila kuitwa, akaenda kusimama kwenye mashine ya pasi, na makofi yakatikisa mabati. Mdogo mtu hakuweza kupiga makofi. Alijipigapiga paja kwa mkono wa kushoto.

Njiani kurudi nyumbani mdogo akasema, "Umesema vizuri, dada. Lakini kwenye maneno yako mimi nilinyamaza. Mimi nilipiga kelele. Nilimwita mama. Mbona hilo hukulisema?"

"Lingeharibu mwisho," alijibu Kinywa.

Jibu lilimtoka hivyohivyo, jibu la fundi. Mdogo wake alimtazama, kisha akatangulia.

Oda iliisha kwa wakati. Kinywa alihamishiwa ofisini, akawa anapelekwa hata kwenye viwanda vingine, na kila alikopita mikono iliharakisha. Mdogo wake alihesabu lebo msimu mmoja tu. Wakasema ni mzito, wakampa asante na kumwachisha kazi. Akawa mtu wa kulala mchana kutwa, uso ukutani.

Mama yao akamwita Kinywa. "Zungumza naye. Watu wa mbali unawainua, wako wa ndani anakushinda?"

Aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alitafuta neno. Yalimjia mengi, yote mazuri, na kila moja aliliona lilivyotengenezwa, akalimeza.

Mdogo wake aligeuka, akaketi, blauzi i wazi kifuani.

"Usiseme kitu," alisema. "Nifunge vifungo tu."

Kinywa akamfunga, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Mdogo wake akalala tena, akageukia ukuta.