Siku Niliyomlilia Mukeke kwa Sauti

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini inanikaba, na kwa kuwa ninyi hamnijui sura wala hamjui ninapolala, acheni niiseme: mimi, bibi mzima mwenye wajukuu na meno ya kuhesabika, nilifukuzwa kwenye kilio hapa Uvira kwa kuitwa hawara wa marehemu. (Msicheke bado.)

Nina virusi vya ukimwi, ni miaka mingi sasa, na nyumbani kwangu hakuna anayejua. Hospitali ilipoona sisi wazee tunaona haya kukaa benchi moja na vijana sawa na wajukuu wetu, ikatuanzishia grupu ya telefone. Kila Alhamisi mchana animatrisi, binti mmoja mpole anayetuongoza katika mazungumzo, anatupigia, anatuunganisha wote kwenye laini moja, na tunatoa yale yanayotusumbua roho. Hatutajiani majina ya kweli na haturuhusiwi kutafutana. Mimi nilijiita Lengalenga, kwa sababu ndiyo mboga ninayouza sokoni. Mzee mmoja alijiita Mukeke, kama yule samaki wa ziwa letu (hata hilo nimelibadilisha, alikuwa na jina la samaki mwingine).

Mukeke alikuwa fundi wa baiskeli karibu na daraja la Mulongwe, alituambia mwenyewe, kama alivyotuambia jinsi miguu inavyomuunguza usiku kwa ajili ya dawa, maana mdomo wake haukuwa na breki. Kuna wakati niliacha dawa, si kwa ubishi, nilichoka tu, nilichoka kujificha kila jioni kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikakiri kwenye laini huku nalia, na yeye hakunihubiria. Alisema, "Mama Lengalenga, kamata maji. Siye wote tutakungoja." Wakanyamaza wote, wazee wale, wakingoja, mpaka waliposikia nimemeza dawa na kurudisha glasi mezani, ndipo akasema, "Aksanti. Sasa tuendelee kuzeeka." Nilicheka na machozi yangu usoni. Sikuwahi kumwona, na nilimpenda kama kaka wa tumbo moja.

Basi Alhamisi moja animatrisi akatuambia Mukeke hayupo tena, ni moyo umesimama, na akatuomba kila mtu amwombee akiwa kwake. Wenzangu waliitika. Mimi nikajiambia nitapita tu, nikae nyuma kidogo, nani atanijua? Hapo ndipo nilipojiharibia.

Kesho yake nikavaa kitenge cheusi, nikapanda pikipiki kutoka Kavimvira mpaka darajani, nikauliza kilio cha fundi wa baiskeli, nikaonyeshwa. Bache, turubai la kivuli, limefungwa uani, viti vimejaa, korali inaimba, mjane amekaa chini kwenye godoro na kitambaa kichwani, hatazami mtu. Ningekaa nyuma kama nilivyopanga, yangekwisha salama. Lakini juu ya jeneza walikuwa wameweka picha yake. Kumbe alikuwa na mwanya! Kumbe alikuwa na masikio makubwa hivyo! Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona uso wa mtu aliyenirudisha kwenye uhai, na alikuwa amekwisha kufa, uchungu ukanipanda, nikajikuta niko mbele, nimepiga magoti, nalia kwa sauti yote niliyopewa na Mungu:

"Mukeke wangu! Mukeke, unaniacha na nani? Miguu yako ile ilikuwa inakuunguza usiku kucha, leo imepoa!"

Korali ilinyamaza katikati ya wimbo. (Mnaelewa? Pale hakuna aliyewahi kumwita Mukeke. Na miguu ya mwanaume usiku, ni nani huijua?)

Dada ya marehemu, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe huko milimani Mulenge, alisimama.

"Mama, weye ni nani?"

"Minye... tulikuwa tunajuana naye."

"Mulijuana wapi?"

"Kwa telefone."

Watu walicheka. Kilioni, watu walicheka.

"Kwa telefone ndiyo ulijua miguu yake iko inaunguza usiku? Basi sema jina yake. Ile ya kweli."

Sikuwa nalijua. Nikageukia msalaba wa kaburi ulioegemezwa kando ya jeneza, nikaona limeandikwa pale kwa rangi nyeupe, nikakunja macho, nikasogeza kichwa, na miwani nimeiacha nyumbani.

"Muangalie! Iko anatafuta kusoma!" akapiga kelele. "Kumbe kaka alikuwa na deziem biro, mwanamke wa pembeni, na sisi hatujui! Na bibi yake amekaa hapa!"

Ningejiokoa kwa neno moja, ningesema huyu ni mwenzangu wa dawa. Lakini wanawe walikuwa wamesimama pale, na pasta, na wateja wake, na yeye mwenyewe alituambia kwamba ni mkewe tu anayejua, kwa kuwa wanameza dawa pamoja, watoto hapana. Neno langu lingemvua nguo marehemu na mjane kwa pamoja. Najua hata hawara ni kumchafua mtu. Lakini mzee mwenye hawara husemwa siku chache yakaisha, na mwenye ugonjwa wetu wanaikimbia hata sahani aliyokulia. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Munisamehe." Mnajua neno hilo linavyosikika mahali kama pale.

Mjane akainuka. Nikajua sasa napigwa, na kusema kweli nilitaka anipige. Akanikamata mkono, akaniinamia usoni. "Unatoka wapi weye?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini, yeye tu asikie: "Minye ni wa ile telefone ya Alhamisi, mama."

Vidole vyake vikanibana. Alinitazama kama mtu anayehesabu jambo, kisha akageukia watu, akapaza sauti: "Muniachie! Huyu ni wangu, nitamutoa mwenyewe!" Akanikokota mpaka barabarani, ananitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia, kiatu changu kimoja kikabaki uani, na mkono wangu hajauachia.

Tulipofika nje, akasema polepole:

"Kule kwenu, alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anatuchekesha siye wote."

"Huku kwetu aliacha kucheka kitambo." Machozi yalikuwa yanamtiririka. Kisha akanisukuma na kupiga kelele watu wasikie: "Na usirudie hapa tena!"

Nilirudi na kiatu kimoja, na habari ilikuwa imenitangulia. Kanisani wameniambia nipumzike kuongoza maombi ya akina mama. Grupu nayo sikuiambia kitu, animatrisi alipouliza kama kuna aliyekwenda, nilinyamaza na wengine. Naapa mbele yenu, sitakanyaga tena kilio cha mtu ninayemjua kwa sauti tu. Akitutoka mwingine, nitalia nikipepeta mchele, watu wadhani ni vumbi.

Jioni ya kilio kile binti yangu hakula. Alingoja watoto watoke, akaniuliza bila kunitazama, "Mama, ile wanasema, ni kweli?"

Nilimtazama mtoto niliyemzaa mwenyewe, na ukweli wote ulikuwa umefika kwenye ulimi. Nikaumeza, nikamwambia ni kweli.