Mashine ya Kumsikia Baba

Nilichoka na gramafoni kabla sijamiliki hata moja. Miaka ile ya sabini nilikuwa muuguzi Voi. Nikitoka zamu miguu imevimba, badala ya kwenda kulala napitia duka la vyombo vya umeme, nasimama mbele ya mashine na kuwasikiliza wanaume wakibishana. Huyu anasifia mbao, yule anasifia spika mbili, na anayepiga kelele kuliko wote hana hata stima nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na swali moja tu: ipi itanipa sauti ya baba?

Baba aliimba kwaya ya kanisa kule kwetu Sagalla, mlimani juu ya Voi, na siku moja walikuja watu na vyombo vyao wakairekodi. Katika wimbo mmoja baba anaanza peke yake, kisha wenzake wanamfuata. Kila mwanakwaya alipewa santuri yake. Waliokuwa na gramafoni walizicheza za kwao mpaka zikaisha, nyingine zilivunjwa na watoto. Ya kwetu ilisalimika kwa sababu hatukuwa na cha kuichezea. Baba alipofariki, nikiwa bado shuleni, mama aliitundika ukutani juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, na ole wake atakayeigusa.

Nilipopata nyumba yenye stima mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Voi, mama aliniambia, "Mwanangu, masikio yangu yameanza kuwa mazito. Nataka nimsikie huyu mtu kabla hayajaziba kabisa." Mama hakuwa mtu wa kuomba vitu. Ndiyo maana sikutaka mashine ya kubahatisha.

Nikachagua iliyo bora dukani, ya kabati la mbao zinazong'aa, na yenye ile kasi ya santuri za zamani ambayo nyingi mpya hazikuwa nayo. Mwenye duka, mzee mwenye asili ya Mombasa, mpole sana, alisema, "Ichukue, sista, ukaijaribu. Isipokuridhisha irejeshe, nikupe nyingine." Jumapili hiyo mama akateremka na santuri yake imefungwa ndani ya kanga. Akaketi mbele ya kabati, mikono mapajani, kama msichana aliyekuja kuposwa.

Nikateremsha sindano. Ikatoka sauti ya kitunguu kinachokaangwa. Tukangoja. Kitunguu kikaendelea kukaangwa mpaka mwisho wa santuri. Mahali fulani katikati nilisikia kitu kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, halafu nacho kikapotea.

Mama akaniangalia. "Ni masikio yangu?"

"Hapana, mama," nikasema haraka. "Ni mashine."

Nikairudisha dukani kwa hasira, na santuri yetu mkononi. Yule mzee akaweka santuri zake, zikaimba vizuri kabisa. Akaiomba yangu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akainusa.

"Hii imepakwa nini, sista?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sagalla maji hayachezewi, yanapandishwa kwa mgongo. Vyombo vya thamani hatukuviosha. Vibuyu na vigoda vilisuguliwa kwa majivu laini yaliyochekechwa, kisha vikapakwa mafuta ya nyonyo visipasuke. Kila Jumamosi, tangu tumzike baba, mama aliishusha santuri ukutani akaisugua na kuipaka pamoja na kigoda cha marehemu. Nilimwona akifanya hivyo miaka yote, na nikaona ni usafi tu. Iling'aa kuliko santuri zote za dukani. Nikamweleza mzee.

"Majivu yamekula mistari yote," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Hata uniletee mashine ya mfalme, hii haitaimba tena. Mwambie mama yako polepole."

Ningemwambiaje? Kama mashine haina kosa, basi ni masikio yake, na kama si masikio yake, basi ni mikono yake. Nilisimama pale nikashindwa kuchagua. Nikabeba mashine nyingine.

Hiyo nayo ikakaanga kitunguu. "Ni mashine, mama." Nikairudisha, nikachukua ya tatu, ndogo, ya spika moja. Mzee alinifungia kwa kamba na kuniitia mkokoteni. Majirani wakaanza kusema sista ana maringo, haoni gramafoni ya hadhi yake. Waache waseme. Nilichoka na zamu, nikachoka na kupanga mashine sebuleni na kuzipangua, nikachoka zaidi na kumdanganya mama yangu akiwa amevaa nguo zake za kanisani. Kuna siku nilimkasirikia hata baba, kwamba nani alimtuma aimbe peke yake.

Mashine ya tatu ilipomaliza kukaanga, niliinuka niifunge. Mama akanishika mkono.

"Umechoka, mwanangu. Nakuona. Achana na hizi mashine."

Nikashusha pumzi. Nikadhani amejua, na kwamba ananisamehe kazi ya kumwambia. Kumbe alikuwa ameisogeza santuri dirishani, anaikagua kama ina vumbi la Voi. Akaifuta ukingo kwa ncha ya kanga, taratibu, akaifunga tena ndani yake.

"Hii tutaitunza tu," akasema. "Nitaisugua na kuipaka kila Jumamosi kama kawaida, ili siku mashine yake itakapopatikana, iikute bado nzuri. Ila mafuta yangu ya nyonyo yamekwisha. Ukienda sokoni uninunulie chupa."

Kesho yake nikamnunulia.