Kilele Tulichokibakisha

Enzi zetu Houston ilikuwa tambarare kama sinia la pilau baada ya wageni kuondoka, na hadi leo haijajirekebisha. Nyinyi mliokulia mtaa wetu wa Sharpstown miaka ile ya tisini ni mashahidi wangu: ukidondosha chungwa mlangoni, lilibaki palepale likikutazama. Hata hivyo, katika mji huo usiokuwa na hata kichuguu cha maana, mimi na wenzangu wawili tulikuwa wapanda milima. Tulikuwa na orodha ya vilele ishirini na vinne. Nimevihesabu mara mbili.

Wenzangu walikuwa Zuhura wa mlango wa pili, ambaye wazazi wake walitoka Unguja na ambaye aliogopa mbwa, ngazi na hewa yenyewe; na Bahati wa ghorofa ya chini, Mkongo, mtoto mwenye moyo mkubwa na tumbo linalolingana nao. Mimi waliniita Mhasibu. Si kwa ubaya. Kila Jumapili mama alinipeleka gulioni kununua sufuria na viatu vya mitumba, na huko ndiko nilikosomea. "Bei ya kwanza ni salamu tu, mwanangu," alikuwa akisema kwa lafudhi yake ya Mombasa. "Usiijibu kwa mkono, ijibu kwa mguu." Maana yake ondoka, utaitwa. Na chenji nilitakiwa kuihesabu mara mbili, mara moja kwa ajili yangu na ya pili kwa ajili ya shetani.

Aliyetuingiza kwenye milima ni Mzee Deklani, fundi wa zile apartimenti zetu. Mnamkumbuka: Mwairishi mwekundu kama nyanya iliyosahaulika juani, bisibisi mfukoni, anapanda paa kutengeneza AC huku akiimba kwa pua. Saa sita mchana, wakati lami inanata kwenye kandambili na harufu ya vitunguu inatoka milango kumi kwa pamoja, alikaa kwenye kivuli cha ngazi na daftari lake dogo. Siku moja nililichungulia. Kurasa na kurasa za majina magumu, na mbele ya kila jina, alama ya vema. Nilihesabu yasiyo na alama. Moja. Nikahesabu tena. Moja.

"Hili moja limekosa nini?" nilimuuliza.

"Halijakosa kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Akatueleza. Kwao kuna watu wanaokusanya vilele vya milima kama wengine wanavyokusanya stempu. Hawapewi kombe wala mshahara. Wanapanda kwenye mvua, na kwao mvua ndiyo hali ya hewa ya kawaida, wanagusa jiwe la juu kabisa, wanashuka, wanaweka alama. Kugusa ni lazima. Aliyefika karibu hajafika. Ukimkuta mtu huko juu humuulizi kazi yake wala kabila lake, unamfungulia begi mle pamoja, kisha unamuuliza: bado vingapi? Na kilele cha mwisho cha orodha hakipandwi peke yako. Unawaita wote uliotembea nao, nao wanakuja, hata kama mmoja ana harusi.

Wenzake wa kupanda nao walikuwa wanne. Alituonyesha picha yao wakiwa wamesimama kwenye ukungu na chupa ya chai, wakicheka kama watu waliokosa gari la mwisho. Walikuwa wakimsubiri. Lakini Deklani aliingia Texas kwa kazi ya ujenzi, viza ikaisha, na yeye akabaki. Akitoka, harudi. Hilo hatukuhitaji kuelezwa na mtu. Katika apartimenti zile, nusu ya milango ilijua maana ya kukaa bila karatasi. Kila Krismasi wale wanne walimtumia kadi: "Bado tunakusubiri," na majina manne chini.

Basi akatutengenezea milima. Kilele kilikuwa chochote kilichopanda juu ya sinia: ukuta wa mto uliojengewa zege, daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, kilima cha kutengenezwa katika ile bustani kubwa ya mjini, ambacho tulibiringika kutoka juu hadi Zuhura akairudisha sambusa ilikotoka. Vingi vilikuwa majengo ya kuegesha magari. Tuliyapanda kwa miguu, mzunguko kwa mzunguko, jasho linaingia machoni, Bahati nyuma akilalamika, "Mhasibu, weye unahesabu ngazi, mi nahesabu siku zangu za kufa!" Juu tuligusa ukuta, tukagawana mahamri ya mama, na Deklani akatutilia chai ya rangi kali kama dawa. Mara moja, juu ya jengo la maduka, tulimkuta mzee wa Kivietinamu akifanya mazoezi. Deklani akampa hamri, naye akatumenyea machungwa. Hakuna aliyemwelewa mwenzake. Tulikula tukitazama mji ulivyolala chali, na mpaka leo sijawahi kula karamu iliyopita ile.

Kadi ndizo zilizoharibu mambo. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu majina. Krismasi ya kwanza manne. Iliyofuata matatu. Nikadhani nimekosea, nikahesabu tena kwa kidole, Deklani akauondoa mkono wangu taratibu. Ikapita moja ya matatu, halafu ikaja ya mawili. Kadi ya mwisho ilikuwa na jina moja, Nora, limeandikwa kwa mkono unaotetemeka, na maneno hayakubadilika: bado tunakusubiri. Mtu mmoja, lakini "tunakusubiri."

Februari yake Deklani alirudisha funguo za kazi na kununua tiketi ya kwenda tu. Baba, aliyekuwa akiendesha teksi, alimpeleka uwanja wa ndege, na sisi tukabanana nyuma. Pale mlangoni alitushika mabega mmoja mmoja.

"Msibakishe," alisema. "Mnasikia? Pandeni wakati wenzenu wapo. Mimi nilifanya ujinga."

"Ndiyo, Mzee," tukasema wote watatu. Watoto wa enzi zetu tulijua kusema ndiyo.

Barua yake ilikuja baada ya miezi miwili. Alimkuta Nora magoti yamekataa. Nora akaendesha gari hadi chini ya mlima, akamwambia apande, yeye angepiga honi kila dakika ili ajue yuko naye. Akapanda. Ukungu ukashuka. Zilipobaki hatua kumi kufika kwenye jiwe la juu, hakuisikia tena honi. Akasimama. Akageuka kumfuata Nora. "Hesabu ni ileile," aliandika, "bado kimoja." Hatukupata barua nyingine.

Sasa sikilizeni ujinga wa watoto. Kiangazi kilichofuata baba yake Zuhura alipata kazi huko Plano, kaskazini mwa Texas. Kwenye orodha yetu kilikuwa kimebaki kilele cha ishirini na nne, jengo la magari la hospitali, ghorofa tisa, ambalo mlinzi wake alitufukuza kila mara. Siku mbili kabla ya kuhama tulikuta mlinzi mpya, mama wa Kihabeshi. "Pandeni, lakini msikimbie." Tulifika ya nane. Hapo Zuhura akaketi chini, machozi yakimtoka.

"Tusiimalize orodha," alisema. "Tukimaliza, nani atarudi?"

Bahati akasema, "Bon, haya, iko vizuri. Tubakishe kimoja kama Mzee." Na mimi, mhasibu mzima, nikakubali. Tuliipenda huzuni ya yule mzee kuliko tulivyolisikia onyo lake. Tulidhani kubakisha ni kufunga fundo la kuturudisha pamoja.

Kumbe halikuwa fundo. Mimi nikaishia Irving, jirani na Plano, nikiuza matairi karibu na uwanja wa ndege. Zuhura ana ofisi yenye mlango wa kioo Plano. Bahati alibaki Houston na malori yake. Kutoka kwetu hadi kwake ni barabara moja iliyonyooka, mwendo wa saa nne, hakuna bahari wala mtu wa kukuuliza karatasi. Kila Idi na kila Krismasi tulipigiana simu: mwaka huu tutapanda. Ilipita miaka mingi hivyo. Deklani alikuwa na sababu. Sisi tulikuwa na shughuli.

Kisha figo za Bahati zikafa. Nilipokwenda kumwona, hospitali ilikuwa ileile. Niliegesha gari ghorofa ya nane bila kufikiri. Dirisha lake lilitazama jengo la magari.

"Zuhura yuko wapi?" aliniuliza. Sauti ilikuwa nyembamba, tumbo halikuwepo tena.

"Kazini. Anakuja Jumamosi."

Akatazama nje. "Jumamosi ni mbali. Donc, basi, panda weye. Mi nitakupungia mkono kwa hapa."

Nilipanda. Ni mwinuko mmoja tu kutoka nilipoegesha, nusu dakika kwa gari, lakini nilikwenda kwa miguu. Juu nikageuka kulitafuta dirisha: la sita kutoka chini, la nne kutoka kushoto. Jua la alasiri lilikuwa limevipiga vioo vyote vikawa kama mabati mapya. Nilihesabu, nikarudia. Sikuona mkono. Nikamkumbuka yule mzee kwenye ukungu, nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa moto.

"Umeniona?" aliniuliza niliporudi.

"Nimekuona."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Ee," akasema, akifumba macho. "Wa kulia." Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye kibao, dripu inaingia.

Aliondoka Alhamisi.

Siku hizi wanangu wamevaa saa zinazowahesabia hatua. Wanatembea elfu kumi sebuleni wakizunguka sofa, saa inawapigia makofi, nao wanaridhika. Nikiwauliza, "Juu mmemkuta nani?" wananijibu, "Mom, juu ya nini?" Siwalaumu. Sisi hatukuwa na saa. Tulikuwa na shahidi, na kidole cha kuhesabia.

Zuhura alifika Jumamosi ile kama alivyoahidi, na tulipotoka makaburini akanishika mkono.

"Mlipanda?"

"Tulipanda."

"Wangapi?"

"Sote watatu," nikamwambia. Hiyo sikuihesabu mara ya pili.