Mkono wa Nani

Daktari wa misheni alituambia kwamba ugonjwa wa mdogo wangu umeingia kwenye uti wa mgongo, na miguu yake haitapata nguvu tena. Alikuwa binti wa miaka kumi na minane. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufariki, nami niliacha shule darasa la nne ili nilime. Tulibaki wawili katika nyumba yetu ya Itetemia.

Kumbeba kutoka kitandani mpaka barazani niliweza. Kumpeleka chooni, kule uani, sikuweza. Mimi ni kaka yake. Hata kama angekubali, nisingejua macho niyaweke wapi. Mke wa jirani alimsaidia asubuhi na jioni. Mchana kutwa mdogo wangu alikataa kunywa maji, asije akamhitaji mtu, mpaka midomo ikampasuka.

Shangazi yetu wa Igalula alipopata habari hizo, akatuma ujumbe: angefika Jumamosi kwa gari la moshi na kuondoka naye. Mwanamke mgonjwa hauguzwi na mwanamume.

"Nikienda huko sirudi," mdogo wangu akasema. "Unajua."

Nilijua. Tangu hapo sikuweza kukaa nikamaliza bakuli la uji. Nikaenda mjini kwa fundi seremala, mzee aliyemfahamu baba, nikamweleza ninachotaka: fito mbili ndefu zilale juu ya nguzo, kuanzia mlango wa nyuma mpaka chooni, apite katikati akizishika kushoto na kulia. Na chooni kiwepo kiti, sanduku la madebe ya mafuta ya taa lililotobolewa.

"Usawa wa wapi?" fundi akauliza.

Nikajipiga kiunoni. "Hapa."

"Na upana?"

"Mikono miwili." Nikanyoosha mkono wangu, naye akaupima kwa kamba, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole.

Tulichimba na kushindilia siku tatu. Alhamisi jioni mke wa jirani akamsimamisha mdogo wangu mlangoni. Akashika fito ya kushoto, mabega yakampanda mpaka masikioni. Ya kulia aliigusa kwa vidole tu.

"Kaka," akasema, "hii umejijengea mwenyewe. Unaumwa nini?"

Mke wa jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilizitazama zile nguzo. Niliona aibu kumpima mdogo wangu, hata kumuuliza, nikampa kimo changu.

Mdogo wangu akaomba kamba ya gome la mti. Wakajifungia ndani wawili wale, kisha nikaletewa kamba yenye mafundo mawili. "Fundo la kwanza ni kimo, la pili upana," akasema kutoka ndani. "Usiongeze chako."

Ijumaa ni siku ya fundi kwenda msikitini, kwa hiyo niling'oa na kusimika upya peke yangu. Shangazi alipoingia Jumamosi, fito ya kulia ilikuwa bado imefungwa kwa kamba tu, bila misumari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Vitu vyake viko wapi?"

"Shangazi, nina haja," mdogo wangu akadakia kutoka mlango wa nyuma, nilikomkalisha. "Geukeni wote."

Tukageuka, tukatazama ukuta. Nikasikia fito zikilia, pumzi yake, kisha kimya.

"Ameanguka?" shangazi akanong'ona, akainua mguu.

"Hapana," nikasema, wala sikujua.

Halafu sauti ikatoka chooni: "Sasa mimi ndiye Bwana Shauri, mkuu wa boma! Nina kiti changu!"

Shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Alicheka kwanza, kisha machozi yakamtoka. Jumatatu nilimsindikiza stesheni peke yake.

"Sijakubali," aliniambia kabla ya kupanda. "Mchwa wakianza kula nguzo zile, nitakuja kumchukua siku hiyohiyo."

Miaka yote iliyofuata, kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, nilipita nikizitikisa nguzo zile moja moja. Nikifika mwisho narudi tena, kwa sababu ile ya kwanza nilikuwa sina hakika nayo.