Kodi Niliyomtoza Mama Mkwe

Sijasikia mwanamke mwingine pale Uriri aliyewahi kumtoza mama mkwe wake kodi, na mimi nilimtoza, tena sijuti. Serikali ilipandisha ushuru wa sigara mara moja kwa mwaka. Mimi nilipandisha wangu siku yoyote niliyojisikia.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na duka dogo sokoni. Nyumbani mume wangu alilima tumbaku ya kampuni ya sigara, kama majirani wengi, na banda la kukaushia majani lilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwangu. Mwenye boma alikuwa mama yake, mjane mwembamba, mkali, mwenye mzaha wa kuchoma. Alivuta sigara jinsi akina mama wazee wa kwetu walivyovuta: moto ndani ya mdomo. Ndiyo, upande unaowaka ndio unaoingia. Midomo inafungwa, mikono inabaki huru, na mtu anapalilia shamba huku moshi ukimtoka puani. Wageni walishangaa. Mimi nilitoka Magunga, ambako nyanya zangu walivuta hivyo hivyo, kwa hiyo hata sikuwa nikiona.

Mpaka siku aliposukuma sahani ya samaki na kusema hana njaa. Mtu huyo alivyopenda samaki! Nikamwambia afungue mdomo. Akakataa, maana mama mkwe hachunguliwi mdomoni na mke wa mwanawe. Nikamng'ang'ania mpaka akafungua. Kwenye kaakaa palikuwa na kidonda, cheupe pembeni, chekundu katikati.

Nikampeleka hospitalini Homa Bay. Daktari alimulika kwa tochi muda mrefu, kisha akaniita kando. Alisema kidonda bado hakijageuka saratani, lakini ule moto ukiendelea kukiunguza kila siku kitageuka, na kikishageuka yeye hataweza kitu. "Asipunguze," akaniambia. "Aache kabisa."

Nani amwambie? "Nyar Magunga," mama mkwe alinijibu, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Magunga, "nilianza kuvuta mumeo hajazaliwa. Leo wewe na yule mtoto mwenye tochi mtanifundisha mdomo wangu?"

Juni ikafika, na bajeti ikasomwa redioni nikiwa dukani. Sigara juu, bia juu. Wanaume waliokaa kwenye benchi wakaanza kulalamika. Mmoja wao, mchimba dhahabu wa Masara aliyezoea kununua pakiti nzima, akauliza bei mpya, akaguna, akachukua sigara tatu na kwenda zake. Nikamtazama mpaka akapotea. Huyu hakuna aliyemhubiria, wala hakuonyeshwa kidonda cha mtu. Bei peke yake ndiyo iliyozungumza naye, na alisikia. Nikajiambia, kumbe dawa ndiyo hii, tena ninayo mkononi.

Mama mkwe alinunua kwangu na hakutaka cha bure, asije akasemwa sokoni kwamba anakula mali ya mke wa mwanawe. Basi nikampandishia. Kile kidogo cha serikali nikakizidisha mara mbili, na baada ya wiki mbili nikaongeza tena.

"Ni bajeti, mama," nilimwambia, uso mkavu.

"Bajeti gani hii inayosomwa kila nikija?"

Nikakaza. Naye akanihama, akaenda kwa mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na duka upande wa pili wa barabara. Sikungoja. Nilimfuata yule mzee siku hiyo hiyo nikamweleza habari ya kidonda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, akija tena hapa atakuta bei yako. Ila hiyo faida siitaki, nitaitoa sadaka." Nikaendelea duka kwa duka. Wote walikubali isipokuwa mmoja, aliyekuwa akiuza sigara za magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Huyo nilimwambia mbele ya wateja wake, mchana kweupe, kwamba mama yule akifa nitawaleta waombolezaji wote walie mlangoni pake. Kesho yake akapandisha. Wacha watu waseme eti kodi haiwezekani bila askari! Mimi niliizungusha soko zima kwa mdomo wangu tu.

Na ilifanya kazi. Kufikia Septemba mama mkwe alikuwa akinunua sigara moja kwa siku, na kufikia Desemba hakununua kabisa. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Nilijisifu kwa mume wangu, nikajisifu kwa yule mzee wa dukani, hata kanisani nikajisifu kidogo.

Halafu asubuhi moja niliingia kwenye banda kutafuta kuni. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya furushi la majani makavu. Alikuwa amesokota jani kwenye kipande cha gazeti, moto uko ndani, moshi unamtoka puani taratibu.

"Huku," akasema bila kugeuka, "bajeti haifiki."

Hasira ilinipanda, na sikumkasirikia yeye. Nilifunga milango yote ya Uriri, nikasahau mlango tuliojenga wenyewe nyuma ya jiko! Na jani lile ni kali kuliko sigara yoyote. Nilipomfungua mdomo, kidonda kilikuwa kimepanuka.

Mchana ule nikamwambia mume wangu tuache tumbaku. Akaniuliza karo itatoka wapi. Akaniuliza pia wateja wangu hununua kwa pesa gani kama si za tumbaku. Tulipiga kelele mpaka majirani wakanyamaza kutusikiliza. Mama mkwe alikuwa kwake, mlango wazi.

Mvua za Machi zikaja. Kwetu hakuna mtu wa boma anayetia kitu ardhini kabla mama wa boma hajafungua msimu kwa mkono wake. Mume wangu aliheshimu hilo hata kwa miche ya kampuni. Asubuhi ya kupanda, miche ilikuwa imeshatolewa kitaluni, majirani wa kutusaidia wamefika, sote tunamngoja mama. Akaja na kikapu kidogo. Akakifunua, na ndani mlikuwa na mahindi.

"Mama," mume wangu akasema, "hili ni shamba la tumbaku."

"Lilikuwa."

Akainama, akachimba shimo, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Kisha akasimama akamtazama mwanawe.

"Mke wako amenipandishia bei miezi tisa. Dukani amenishinda, nakubali. Lakini hapa nyumbani mnanikuzia bure, na mbele ya cha bure mimi sina nguvu. Naogopa kufa, mwanangu. Kiondoeni."

Sikuwahi kumsikia akikiri kwamba anaogopa kitu. Mume wangu alibaki na miche mikononi. Hangeweza kupanda tumbaku juu ya mbegu ya mama yake, na kila aliyekuwa pale alijua. Akaiweka chini. Mimi nililia pale pale mbele ya watu, kisha nikachukua jembe nikaanza mstari wa pili.

Nilisema karo itatoka dukani. Haikutosha. Binti yetu mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima, akipalilia yale mahindi na kuninunia. Siku aliporudi shuleni, nyanya yake alimsindikiza mpaka langoni, anatafuna muwa, tena ule mgumu, kwa mdomo mzima usio na kidonda.