Mpira wa Mwisho wa Valiko

Shingo ya Jumber Lomjaria ilianza kunenepa akiwa na miaka kumi na mitano, na watu wa Zemokhevi wakaanza kuisema kabla haijafanya kazi yoyote ya maana. Baba yake, Valiko fundi viatu, aliwaambia kwamba kichwa cha mwanawe kinahitaji kushikiliwa vizuri kwa kuwa hakina kitu ndani, upepo ungekichukua. Hivyo ndivyo watu wa Guria, mkoa wetu huu wa Georgia, wanavyompenda mtoto, wanamsema vibaya akiwa amesimama pale pale anasikia.

Huyo Valiko ndiye aliyeshona mpira wa Pasaka kwa miaka thelathini na moja. Alikata ngozi ya ng'ombe, akaijaza udongo na unga wa mbao, kisha akaimwagia divai mpaka mpira ukawa mzito kama mtoto wa miaka minne. Alasiri ya Jumapili ya Pasaka padri huubariki na kuutupa katikati ya barabara, na wanaume wa Kijiji cha Juu na wa Kijiji cha Chini wakauvamia. Hakuna refa, hakuna jezi, wala hakuna anayehesabu wako wangapi. Upande unaoufikisha kwenye kijito chake ndio unaoshinda, nao huupeleka makaburini na kuulaza juu ya kaburi la marehemu wao mmoja aliyefariki tangu Pasaka iliyopita. Mpira hukaa hapo mpaka uoze. Kwa ajili hiyo wanaume wazima huvunjika mbavu, na wake zao huwaona wajinga endapo hawakuvunjika.

Jumber alikuwa na miaka kumi na saba kocha mmoja wa raga alipokuja kutoka mji wa Kutaisi kutazama lelo, maana ndivyo tunavyouita mchezo huu. Rundo lilipofumuliwa, kocha akamkuta kijana chini kabisa, amekaliwa na watu kwa saa nzima, anauliza mpira uko wapi. Akamchukua wiki ile ile. Kutaisi walimweka safu ya mbele, upande wa kulia, pale ambapo kwenye skramu, timu mbili zinapofungana mabega na kusukumana, uzito wa watu wawili wa upande wa pili unaangukia shingo moja. Miaka mitatu baadaye aliuzwa Ufaransa, kwenye mji mdogo wa kusini wenye mashamba ya mizabibu.

Wafaransa hawamnunui Mgeorgia ili akimbie. Wanamnunua asukume. Kwa misimu kumi na miwili Jumber alisukuma, na katika misimu yote hiyo alifunga mara moja tu, tena kwa kuangukiwa na wenzake akiwa juu ya mpira. Kila mkataba ulikuwa na kifungu kile kile, kwamba mwili ni wa klabu. Marufuku pikipiki, marufuku kuteleza kwenye theluji, marufuku mchezo mwingine wowote. Mwaka wa kwanza aliomba ruhusa ya kwenda kucheza Pasaka kwao, na kocha akacheka sana, akawaita na wengine waje wacheke. Hakuomba tena.

Valiko alimpigia simu kila Pasaka, akamsimulia nani kavunjika wapi, kisha akamuuliza swali lile lile.

"Na wewe, umesukuma?"

"Nimesukuma, baba."

"Upande gani?"

"Wa Wafaransa."

"Haya," Valiko angesema, na simu angempa mama.

Shingo ilipasuliwa mara mbili, ikatiwa chuma. Baada ya mara ya kwanza Jumber alishuka daraja moja, baada ya mara ya pili akashuka jingine, akawa hawezi kutazama pembeni bila kugeuza mabega yote. Mwezi wa Novemba, siku ya Jumanne, mama yake Nargiza akampigia kumwambia kwamba baba amefariki na watazika Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na mechi. Kocha alimwambia aende akitaka, lakini upande wa kulia hana mtu mwingine wa akiba, na mkataba, kama Jumber anavyojua, unaisha karibuni. Jumber akabaki. Alikaa kwenye benchi mpaka dakika nane za mwisho. Walimwingiza kwa skramu mbili, na moja ilianguka. Wakati huo Valiko alikuwa anashushwa kaburini, na jeneza limebebwa na majirani.

Februari klabu ikamwacha hata hivyo. Alirudi Zemokhevi Aprili na masanduku mawili, akiwa na tumaini moja tu. Wakala wake, Besik, alikuwa amepata klabu ya daraja la tatu iliyotaka mtu wa kulia kwa mwaka mmoja. Wangepiga simu baada ya Pasaka, kisha wangempima. Besik alimwonya asiguse kitu, hata gunia asibebe.

Nyumbani alikuta jambo limekwisha kupangwa. Wazee wa Kijiji cha Juu, upande wao, walikuwa wamekubaliana kwamba wakishinda, mpira utalala kwa Valiko. Nao ulikuwa mpira wake mwenyewe. Valiko aliusikia moyo ukimchezea Oktoba, akaushona mapema, akaupandisha darini, akamwambia mkewe asiusogeze. Kila mtu kijijini alijua. Yule ambaye mwili wake ulikuwa umejengwa kwa ajili ya siku ile alikuwa yuko nyumbani, hai, ana mikono miwili.

Asubuhi ya Jumapili Emzar alikuja getini. Walikuwa wamekua pamoja, na sasa Emzar analima njugu za hazelnati na ana kitambi.

"Mbele tutakaa mimi na wewe," Emzar alisema. "Wewe kulia. Hao wa Chini nimewaona, wameleta na mashemeji zao kutoka mjini Ozurgeti, mijitu hiyo."

Jumber akamweleza habari ya klabu.

"Miaka kumi na miwili unawasukumia watu wasioweza hata kulitamka jina lako. Leo ni saa moja tu, kaka. Kwa baba yako."

"Shingo, Emzar. Daktari..."

"Daktari ndiye aliyekukataza, au wakala?"

Emzar alimtazama kidogo, akaondoka.

Nargiza hakumsihi mwanawe. Aliweka tu mlangoni viatu vyake vya zamani vya lelo. Valiko alivibadilishia soli kila mwaka kwa miaka kumi na miwili, ingawa hapakuwa na mtu wa kuvivaa. Jumber aliviona. Akavaa raba nyeupe za klabu, akapita.

Alisimama juu ya ukuta wa duka la dawa, pamoja na wanawake na wagonjwa. Niseme ukweli, aliona aibu, na ilimstahili. Lakini macho yake yalikuwa macho ya kazi, nayo yakaona kila kitu. Watu wa Juu walisukuma wima mno, kila mmoja kwa njia yake, na upande wa kulia palikuwa na pengo la mtu mmoja. Hata hivyo baada ya saa mbili waliufikisha mpira hatua hamsini kutoka kwenye kijito chao. Hapo rundo likakwama. Jumber akajikuta anapiga kelele washuke chini, wafunge mikono, wasukume kulia.

Bibi mmoja pembeni yake, amebeba kikapu cha mayai mekundu ya Pasaka, akamgeukia. "Shuka ukawaonyeshe, baba. Wamezibwa masikio na matope."

Akashuka ukutani, hilo alilifanya. Akafika mpaka ukingo wa barabara, akaweka mkono kwenye shingo, akakisikia kile chuma chini ya ngozi. Akasimama hapo. Kisha upande wa kulia ukavunjika, pale pale alipopaona, na mpira ukaanza kuteremka. Haukusimama tena mpaka kijito cha Chini.

Emzar alipita karibu naye, mfupa wa bega umevunjika, matope mpaka kwenye meno.

"Kristo amefufuka," alisema, maana siku ile lazima useme.

"Amefufuka kweli," Jumber alijibu, maana lazima ujibu.

Siku ya pili yake, wakati watu wanajiandaa kwenda makaburini, Besik akapiga simu. Klabu ilikuwa imempata mtu mwingine, kijana wa miaka ishirini na moja kutoka Kutaisi, Mgeorgia vilevile, shingo nzima. Besik alisema anasikitika, akakata.

Jumber alimpeleka mama yake kwa Valiko. Nargiza aliviringisha yai jekundu juu ya udongo, akamwaga divai, akaanza kuzungumza na mumewe taratibu. Habari ya mpira hakuigusa. Jumber akashindwa kukaa hapo. Akateremka kwa miguu mpaka makaburi ya Kijiji cha Chini.

Aliupata mpira kwenye kaburi la dereva mmoja wa lori ambaye hakuwahi kumjua. Alipiga magoti. Mishono ilikuwa ya baba yake, uzi umepitishwa mara mbili, na fundo limefichwa ndani ya mkunjo kama alivyofanya kwenye viatu. Akaifuata kwa kidole.

Mwanamke aliyevaa nyeusi alikuwa anapanga vyakula pale. Mjane wa huyo dereva, mgeni aliyeolewa hapo kutoka mbali. Alimkaribisha divai.

"Umeuona ulivyoshonwa?" alimwambia. "Fundi wake alikuwa wa Juu, naye kafa Novemba. Wanasema ana mtoto Ufaransa, mtu wa kusukuma, shingo namna hii. Shemeji zangu walikuwa wanamwogopa huyo tu. Angekuwepo, mume wangu asingeupata. Mungu ametusaidia, yuko mbali."

Jumber akaipokea glasi, akamwaga kidogo juu ya ngozi ya mpira.

"Ndiyo, mama," alisema. "Yuko mbali."